Kupima na kulinganisha maumbo ya modeli mbili za mshipa wa dhahabu

Uchorongaji (utobaji wa mashimo ya kuchukua sampuli) mpya ukiisha, modeli ya mshipa, yaani umbo lake la pande tatu kwenye kompyuta, huchorwa upya. Sasa unataka kujua umbo limebadilika wapi, na kwa mita ngapi.

Anza na koordineti. Kanda ya Ziwa, Tanzania, ramani za zamani zimo katika mfumo wa koordineti wa Arc 1960, ilhali GPS hutoa mfumo wa WGS 84. Zote mbili huandikwa kwa gridi ya mita ya UTM, kanda ya 36 Kusini, lakini ukizichanganya modeli moja husogea takriban mita 300. Badilisha mfumo kwa programu. Usivute modeli kwa mkono hadi zilaliane, maana utafuta tofauti ileile unayoitafuta.

Kisha kagua wavu wa pembetatu unaounda uso wa modeli. Uwe umefungika, usiwe na tundu wala pembetatu zinazokatana, na pembetatu zote zitazame nje. Ujazo hupatikana kwa kujumlisha piramidi zenye alama ya chanya au hasi, hivyo pembetatu zilizogeuka huharibu jumla.

Ujazo pekee haukuambii umbo. Chukua mshipa wa urefu wa mita 400, kina cha mita 250 na unene wa mita 4: ni mita za ujazo 400,000. Modeli mpya ikiwa na vipimo hivyohivyo lakini imesogea mita 1 kukata unene, ujazo haubadiliki hata kidogo. Hata hivyo sehemu ya pamoja ni 300,000 na ujazo wa nafasi yote inayofunikwa na modeli hizo mbili kwa pamoja ni 500,000. Uwiano wa sehemu ya pamoja kwa nafasi hiyo yote ni 0.6. Robo ya mwamba uliopangwa kuchimbwa imetoka nje ya mshipa: kwa densiti ya tani 2.7 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 270,000. Mwili wa mbale (mwamba wenye madini) wenye unene wa mita 100 ukisogea mita 1 ileile, uwiano hubaki 0.98. Kwa hiyo usitoe uwiano bila kutaja unene. Kuukokotoa, jaza nafasi kwa vijichemraba visivyozidi robo ya unene, uhesabu vilivyo ndani ya angalau modeli moja na vilivyo ndani ya zote mbili.

Sasa pima umbali kati ya nyuso. CloudCompare, programu ya bure, inatosha. Tawanya nukta sawasawa juu ya uso, kwa mfano moja kila mita ya mraba. Ukitumia ncha za pembetatu, sehemu zenye pembetatu nyingi zitatawala wastani. Pima kutoka modeli A (ya zamani) kwenda B (mpya), kisha B kwenda A: B ikiwa fupi kwa mita 50 upande mmoja, kipimo cha B kwenda A hakitaonyesha kitu. Umbali wa Hausdorff ni ule mkubwa kuliko wote, na mwiba mmoja wa wavu (ncha iliyochomoza kimakosa) unatosha kuupotosha. Andika pia wastani na asilimia ya 95, yaani umbali ambao asilimia 95 ya nukta haziuzidi.

Kosa linalowapita wengi liko kwenye mishipa myembamba. Mshipa wa unene wa mita 4 ukisogea mita 3 kwenda juu, ukuta wa juu wa A huwa mita 1 tu kutoka ukuta wa chini wa B, na programu itasoma 1. Tenganisha kuta, kisha linganisha wa juu na wa juu, wa chini na wa chini.

Mwisho, paka rangi umbali huo juu ya modeli pamoja na mashimo ya uchorongaji. Tofauti iliyo mbali na mashimo ni ya tafsiri ya mchoraji wa modeli. Tofauti kubwa palipo na shimo lililotumika katika modeli zote mbili ni kosa: rudi kwenye sampuli na vipimo vya mwinamo wa shimo hilo.