Namna ya Kuandika Wasifu wa Rapa Aliyegeuka Mfanyabiashara na Mwigizaji

Wasifu wa rapa aliyeingia kwenye biashara na uigizaji una ugumu wake, kwa sababu mhusika amekwisha kuusimulia mwenyewe, kwa vina, mara mamia, kabla mwandishi hajashika kalamu. Mwandishi asiyejihadhari hujikuta anayageuza mashairi ya msanii kuwa nathari: alizaliwa katika dhiki, akapambana, akatoka, akatajirika. Njia ninayoipendekeza hapa ni kufuata umiliki. Katika kila hatua ya maisha ya mhusika, uliza ni nani aliyekuwa na haki juu ya kilichozalishwa, iwe ni sauti, jina, sura au kampuni, na ni nani aliyepokea ujira wake akaondoka. Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa Curtis Jackson, anayejulikana kwa jina la 50 Cent, kwa kuwa maisha yake yameacha nyaraka nyingi kuliko ya wengi wa rika lake. Ice Cube na Queen Latifah, marapa wenzake wa Marekani, nitawaita pale mfano mmoja usipotosheleza.

Anza na daftari. Gawa ukurasa katika safu nne: tarehe, alichosaini au alichotenda, alichomiliki baada ya hapo, na chanzo cha habari. Safu ya nne ndiyo ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa siku mhariri atakapokupigia simu. Kwa 50 Cent mstari wa kwanza wenye uzito ni wa mwaka 1999, aliposaini na Columbia, kampuni ya kurekodi muziki. Katika safu ya tatu andika kwamba hakumiliki chochote. Mstari unaofuata ni wa tarehe 24 Mei 2000, alipopigwa risasi tisa huko Queens, New York. Hapo kila mwandishi hutamani kukaa kurasa nzima akihesabu majeraha. Usikae. Tukio hilo linajulikana na kila shabiki, na lililo muhimu kwa wasifu ni kilichofuata kwenye karatasi: Columbia ilimwacha, na albamu iliyokuwa tayari haikutolewa. Alibaki bila kampuni, lakini pia bila mtu wa kumpangia. Akaanza kurekodi kanda za mseto zilizosambazwa mitaani, na moja kati ya hizo ikamfikia rapa Eminem. Mwaka 2002 alisaini mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 1 chini ya Eminem na mtayarishaji wa muziki Dr. Dre, na albamu yake ya Februari 2003 iliuza nakala 872,000 katika wiki yake ya kwanza. Ukiiweka mistari hiyo mitatu pamoja, utaona kwamba mwaka 2002 aliingia ofisini akiwa na wasikilizaji wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa nalo mwaka 1999, na tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko risasi.

Utoto uandike kwa ufupi kuliko unavyotamani, kwa kuwa mara nyingi chanzo pekee ni mhusika mwenyewe au tawasifu yake. Kwa 50 Cent yanatosha machache: alizaliwa tarehe 6 Julai 1975, alikulia South Jamaica katika eneo la Queens, mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minane, akalelewa na babu na bibi, na mwaka 1994 alikamatwa kwa kuuza dawa za kulevya akapelekwa kwenye kambi ya nidhamu kwa miezi kadhaa. Jambo moja la kipindi hicho linastahili aya nzima, nalo ni jina. Alilichukua kutoka kwa jambazi wa Brooklyn, Kelvin Martin, aliyeuawa mwaka 1987 na ambaye aliitwa hivyo hivyo. Jina lililoazimwa kwa marehemu ndilo lililokuja kubandikwa kwenye nguo, chupa na vifaa vya kusikilizia muziki, na mwandishi anayefuata umiliki hawezi kulipita bila kusimama.

Sasa tuje kwenye kazi ngumu, ambayo ni kupima maneno ya mhusika. Rapa hulipwa kwa kutia chumvi. Hiyo ni sehemu ya sanaa, na hakuna sababu ya kumlaumu. Kosa ni la mwandishi anayechukua majigambo ya mtandaoni kama ushahidi. Mfano mzuri ni wa bitcoin, sarafu ya kidijitali. Mwaka 2014 msanii huyu aliruhusu albamu yake mpya inunuliwe kwa sarafu hiyo. Mapema mwaka 2018, bei ya bitcoin ilipokuwa juu, vyombo vya habari viliripoti kwamba alikuwa na bitcoin zipatazo 700 alizozisahau, na yeye mwenyewe akaonekana mtandaoni akifurahia habari hiyo. Wiki chache baadaye aliwasilisha mahakamani maelezo ya kiapo akisema kwamba hajawahi kumiliki bitcoin hata moja, kwa kuwa malipo yale yalibadilishwa kuwa dola na kampuni ya kati kabla ya kumfikia. Alieleza pia kwamba hakuikanusha habari ile kwa sababu ilimjengea sifa. Mwandishi aliyesimama kwenye habari ya kwanza angemtajirisha mtu kwa mali isiyokuwepo.

Kwa hiyo kauli ipewe uzito kulingana na gharama ya kusema uongo. Kauli ya kwenye wimbo haimgharimu msemaji kitu, ile ya kwenye mahojiano humgharimu kidogo, lakini kiapo cha uongo mahakamani kinaweza kumpeleka gerezani. Mwanzoni mwa mwaka 2016, akiwa katikati ya kesi ya ufilisi, alibandika mtandaoni picha akiwa na mabunda ya noti, katika picha moja yakiwa yamepangwa kuunda neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiye na kitu. Jaji alitaka maelezo, na jibu lililowasilishwa mahakamani ni kwamba noti zile zilikuwa bandia za kuigizia. Picha na jibu lake viweke katika aya moja, kisha nyamaza. Msomaji atacheka mwenyewe.

Nyaraka za mahakama za shirikisho nchini Marekani hupatikana kwa njia ya mtandao kupitia mfumo uitwao PACER, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa, na kwa hati nyingi hautozi zaidi ya dola 3 kwa hati moja. Usajili wa alama za biashara hutafutwa bila malipo katika ofisi ya hataza na alama za biashara ya nchi hiyo. Kampuni zinazouza hisa zao sokoni hulazimika kuwasilisha taarifa zao za fedha hadharani, nazo pia husomwa bure. Mwandishi mwenye subira ya siku mbili kwenye hazina hizo tatu atajua mengi kuliko aliyesoma mahojiano mia. Angalizo moja: katika hati za kesi utakutana na majina ya watu wasio maarufu, hasa walioumizwa, na kuwepo kwa jina kwenye hati hakukupi sababu ya kulirudia. Taja kesi, taja hukumu, mwache mtu na faragha yake.

Sehemu ya biashara iandikwe kwa swali moja tu: alilipwa fedha au alipewa sehemu? Mwaka 2004, 50 Cent alikubaliana na Glacéau, watengenezaji wa kinywaji cha Vitaminwater, akapewa hisa ndogo kama sehemu ya malipo ya kukitangaza, na ikatoka ladha ya zabibu iliyobeba jina lake. Mwaka 2007 Coca-Cola iliinunua Glacéau kwa dola bilioni 4.1. Bei hiyo unaweza kuiandika bila kusita, kwa sababu Coca-Cola iliitangaza. Kiasi alichopata msanii ni habari nyingine. Magazeti yalikadiria kuanzia dola milioni 60 hadi 100, na makadirio yanayopishana kwa milioni 40 yaandikwe kama makadirio, yakiwa na jina la aliyeyatoa. Mimi mwenyewe niliwahi kunakili kadirio la namna hiyo kama ukweli, na hadi leo nikilikuta limenukuliwa na wengine kutoka kwangu naona aibu.

Usiikwepe sehemu ya kuanguka, wala usiikuze. Julai 2015 alifungua kesi ya ufilisi huko Connecticut chini ya Sura ya 11, akitaja mali na madeni, kila upande kati ya dola milioni 10 na 50. Waandishi wengi waliandika kwamba hana kitu, ilhali sura hiyo ya sheria humruhusu mdaiwa kupanga upya madeni yake huku akiendelea na shughuli zake. Chanzo kilikuwa kesi mbili kubwa, mojawapo ya kampuni ya vifaa vya kusikilizia muziki aliyoshirikiana nayo kisha wakatengana. Mwanzoni mwa mwaka 2017 alimaliza shauri la ufilisi baada ya kulipa zaidi ya dola milioni 22. Mtu anayeweza kulipa kiasi hicho ndani ya miaka miwili hakuwa masikini, na mtu anayelazimika kukilipa hakuwa tajiri kama nyimbo zake zilivyodai.

Katika uigizaji, tenganisha nafasi tatu ambazo wasifu nyingi huzichanganya: kuigiza nafsi yake, kuigiza mtu mwingine, na kuwa mtayarishaji. Filamu ya mwaka 2005 iliyotokana na maisha yake ni ya aina ya kwanza, na haituambii mengi kuhusu kipaji chake. Kwa aina ya pili, angalia kazi ya mwili: akijiandaa kuigiza mchezaji anayeugua saratani, alipunguza uzito kutoka takriban kilo 97 hadi kilo 73 kwa mlo wa vimiminika na saa nyingi za kukimbia kwenye mashine. Filamu hiyo haikupata watazamaji wengi, lakini mwandishi asiyeitaja atakuwa amemnyima mhusika wake ushahidi kwamba aliichukulia kazi hiyo kwa uzito. Aina ya tatu ndiyo yenye umiliki. Tamthilia ya Power, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha Starz kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu wake na pia aliigiza kama Kanan. Muundaji wake, hata hivyo, ni Courtney Kemp, na wasifu unaomnyang'anya mwanamke huyo kazi yake ili kumwongezea rapa sifa ni wasifu mbovu.

Usidhani kwamba mpangilio wa maisha haya ni muziki, kisha biashara, kisha filamu. Queen Latifah alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989, na kufikia 1993 alikuwa nyota wa tamthilia ya vichekesho ya televisheni huku kampuni yake ya Flavor Unit ikisimamia wasanii wengine. Mambo yote matatu yalikwenda pamoja. Ice Cube naye aliondoka kwenye kundi la rap la N.W.A mwaka 1989 kwa sababu ya mgogoro wa fedha, na aliyekuwa ameandika mistari mingi ya kundi alikwenda kuandika kwa ajili yake mwenyewe, kwanza nyimbo, kisha maandishi ya filamu ya mwaka 1995 aliyoyaandika pamoja na DJ Pooh na kuigiza ndani yake. Filamu ya mwaka 2015 kuhusu kundi hilo ina mgogoro uleule, lakini kumbuka kwamba Ice Cube na Dr. Dre walikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na kwamba meneja wa zamani wa kundi alifungua kesi akidai kuchafuliwa jina. Itumie kama maelezo ya upande mmoja, kwa uzito uleule ambao ungeupa tawasifu.

Mhusika akiwa bado hai, mahali pa kumalizia hupatikana kwenye safu ya tatu ya daftari, penye kitu kilichopita mikononi mwake kikiwa na bei mbili. Kwa 50 Cent mimi ningemalizia na nyumba ya Farmington, Connecticut, kasri lililokuwa la Mike Tyson. Alilinunua mwaka 2003 kwa dola milioni 4.1, akalitangaza sokoni mwaka 2007 kwa dola milioni 18.5, na likauzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 2.9.