Ndugu yako anapochagua aina ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ikiwa dada au kaka yako anasita kati ya kupunguzwa mfuko wa chakula na kutengenezewa njia mpya ya chakula, keti naye kabla ya miadi, mwandike pamoja hali zake zote za kiafya, hasa kiungulia, kisukari na dawa anazotumia kila siku. Upasuaji wa kwanza huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko huo, hauwezi kutenguliwa, na unaweza kuzidisha kiungulia; wa pili huacha kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mdogo, mara nyingi hutuliza kiungulia na husaidia zaidi kisukari cha aina ya 2, lakini humlazimu mtu aepuke dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuleta vidonda. Kwa hiyo kiungulia, ambacho wengi hawaoni haja ya kukitaja, kinaweza kubadili uamuzi wote. Muulizeni daktari pia gharama ya vitamini na vipimo vya damu, maana vitahitajika maisha yote. Uamuzi wenyewe mwachie yeye, na jamaa wakianza kuusema unene wake mbele za watu, wewe ndiye wa kuwanyamazisha.