Usimsimange uliyempa: kazi ya mkuu wa mawasiliano kwenye mfuko wa ufadhili

Kwetu Wete, Pemba, mtu akikupa bakuli la futari, kisha baada ya mwezi akakutajia mbele za watu "ile futari uliyokula kwangu," hakuna tusi linalozidi hilo. Ndiyo masimango. Kurani imekataza wazi, Al-Baqara aya ya 264, sadaka isiharibiwe kwa masimango na maudhi, na hakuna mtoto aliyekaa chuo cha Kurani asiyeijua ile ya mkono wa kulia kutoa wa kushoto usijue. Sasa nifikirie mimi, binti wa watu hao, nimeajiriwa na mfuko wa nje, nalipwa mshahara kwa kazi ya kutaja tulichotoa.

Nimo humo mwaka wa 11 sasa, sita ya mwisho nikiwa mkuu wa mawasiliano. Kabla yake nilikuwa ripota wa redio. Vijana huniuliza wataingiaje. Kuingia hakuna siri: uandike Kiswahili na Kiingereza bila kubabaisha, usome bajeti usiogope, na uwe na namba za simu za masheha, viongozi wa mitaa na vijiji, nyingi kuliko za mawaziri. Ninayoandika hapa ni ya baada ya kuingia.

Dai kiti kabla ya kamera

Wengi hukubali kuwa mpiga picha wa ofisi mwenye cheo kirefu. Uamuzi umepita Jumatatu, wewe unaletewa Alhamisi "utie maneno." Wiki ya kwanza nenda kwa mkurugenzi na ombi moja tu: uwepo kwenye kikao kinachojadili ruzuku, hata kama hupigi kura. Siku moja niliwakuta wataalamu wetu wanapanga mafunzo ya kina mama wa mwani wa Tumbe, tarehe wamezitoa kwenye kalenda ya ukutani. Nikauliza, mwezi uko wapi? Zilikuwa siku za bamvua tupu, maji yanatoka hasa saa nne asubuhi, na kila mwenye kamba zake za mwani yuko pwani. Wangekaa na viti vitupu, kisha wangeandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa jamii ni mdogo. Mafunzo yakasogezwa hadi maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, ukumbi ukajaa. Hilo nalo ni mawasiliano, ingawa hakuna picha iliyopigwa.

Hapo hapo kwenye kikao ndipo unapochunga maneno. Nitataja moja tu. Bara na Kenya wameshazoea kuyaita mashirika kama yetu "wakfu." Zanzibar usithubutu. Wakfu kwetu ni nyumba, shamba la minazi au mikarafuu iliyofungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na ina Kamisheni yake ya Wakfu na Mali ya Amana. Ukijitangaza kuwa wakfu kutoka Marekani, mzee wa Chake atakuuliza aliyeweka wakfu ni nani na msikiti gani unanufaika, naye atakuwa na haki. Sisi tunasema mfuko.

Kusema hapana

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mfuko unapopata jina zuri au baya. Kwa kila ombi mnalokubali, mengi mnayakataa. Waliokataliwa ndio wengi, na ndio wanaokaa barazani kusimulia.

Tatizo letu Wazanzibari ni ustaarabu. Hatujui kusema hapana. Tunasema "inshaallah tutaangalia," "tutawasiliana," "ombi lenu limepokewa kwa mikono miwili." Aliyezoea ofisi anajua hiyo ni hapana iliyovaa kanzu. Katibu wa jumuiya ya kijijini hajui. Nimeona jumuiya imekaa miezi minane juu ya neno "tutawasiliana," haikuomba pengine, mwenyekiti ameshakopa mbao. Neno hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, nikidhani ninamstahi mtu.

Tangu hapo kanuni yangu ni simu kwanza, barua baadaye. Simu haipigwi Ijumaa kabla ya sala, haipigwi magharibi wakati wa futari, wala habari haipitishwi kwa sheha ili yeye ndiye aibebe. Barua yenyewe inakuwa fupi namna hii:

"Assalamu alaykum Mwenyekiti. Tumesoma ombi lenu la ghala la kukaushia mwani. Jibu letu kwa mwaka huu ni hapana. Sababu ni mbili: fedha tulizonazo tumezielekeza kwenye maji safi, na makisio yenu hayakuonesha nani atalihudumia ghala baada ya mwaka wa pili. Hesabu zenu za mauzo tumeziona ni nzuri, na mnaweza kuzitumia kuombea pengine. Hatuahidi chochote kwa mwakani. Mkitaka kuuliza, nipigieni kabla ya tarehe 20, nitapokea mwenyewe."

Angalia neno "hapana" liko mstari wa tatu, halikufichwa chini. Angalia pia hakuna "tunasikitika" mara nne. Na kweli upokee simu. Mwaka wa kwanza nilipokea matusi mawili na maswali mengi ya maana, na baadhi ya maswali hayo yalinifundisha kwamba fomu yetu ilikuwa haieleweki.

Watu watakuuliza kwa nini mwaka jana mlitoa kingi na mwaka huu kidogo. Jibu la kweli lipo, lieleze. Mifuko binafsi ya Marekani inatakiwa kisheria kutoa kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya mali yake, na mali hiyo kwa sehemu kubwa imewekezwa kwenye masoko ya mitaji. Soko likianguka New York, Micheweni wanasikia mwaka unaofuata. Mkulima wa karafuu hahitaji kufafanuliwa sana bei inayoshuka mbali na shamba lake.

Picha

Hili ndilo kosa langu kubwa, nalieleza bila kujitetea. Nilimpiga picha mama mmoja wa mwani akitoka majini, kanga imelowa imemganda, jua liko nyuma yake. Picha nzuri kweli. Alitia saini fomu ya ridhaa, iliyoandikwa Kiingereza. Ikaenda kwenye jalada la taarifa ya mwaka, na makao makuu wakaandika chini yake neno lenye maana ya fukara. Mjukuu wake akaipata kwenye WhatsApp. Nilipokwenda tena akanikaribisha, akanipa chai na mihogo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nimekukosa nini hata ukanitembeza duniani na nguo ya majini?" Nyumba aliyonikaribishia ameijenga kwa mwani. Fukara gani?

Sasa nafanya hivi. Picha naipiga leo, ruhusa naiomba kesho. Mgeni hakataliwi usoni siku aliyofika. Ukimpa mtu usiku mmoja, akazungumza na mumewe au wanawe, utapata jibu lake yeye. Namwonesha picha yenyewe kwenye simu, namwambia itakwenda wapi, namsomea kwa Kiswahili maneno yatakayokaa chini yake, na namuuliza nani nyumbani hatapenda kuiona. Akitaka kubadilisha nguo apigwe upya, anapigwa upya. Picha ikichapishwa, nakala ya karatasi inapelekwa nyumbani kwake kabla haijakwenda pengine popote.

Na maneno ya chini awe ameyasema yeye. Yule mama, nilipomuuliza vizuri, alinieleza kwamba kotonii, mwani wenye bei, unakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu maji yamekuwa ya moto, na spinosamu unaovumilia ndio wenye bei ndogo. Kwa hiyo wanasogea kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea. Mstari huo mmoja ulifanya kazi kuliko jalada lote, maana bodi iliuliza habari za mafunzo ya kuogelea na boti.

Kutangaza fedha

Usitangaze kitu kabla mkataba haujasainiwa na awamu ya kwanza haijaingia benki. Na aliyepewa atangaze mwanzo, wewe ufuate. Kuna mwaka tulitangaza jumla ya miaka mitatu, kwa dola, bila kusema ni ya miaka mitatu. Redio ikaibadilisha kuwa shilingi, ikatoka namba ndefu kama namba ya simu. Wiki hiyo mweka hazina wa jumuiya alitembelewa na wadai, mashemeji na mtu aliyesema walisoma naye skuli. Tangu siku hiyo tangazo letu lina vitu vinne visivyotenganishwa: kiasi kwa shilingi, muda, kazi yenyewe, na kwamba kinatolewa kwa awamu.

Kuficha kiasi nako si dawa. Mifuko binafsi ya Marekani hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi fomu iitwayo 990-PF, nayo ni ya wazi kwa umma: aliyepewa na alichopewa vimo. Mwandishi wa habari mwenye intaneti na subira ataviona. Bora avisikie kwenu vikiwa na maelezo.

Kuhusu waandishi, suala la nauli liseme mapema. Nauli ya boti au daladala analipwa kila aliyealikwa, sawasawa, kwa kusaini, aandike asiandike. Hakuna bahasha pembeni. Utanuniwa mwezi mmoja. Na habari za vijijini zianzie kwenye redio za jamii. Mtu wa Micheweni anamwamini anayetangaza kwa lafudhi yake. Mitandao ya kijamii mpe kijana wa ofisini, ila ujumbe wowote wenye namba upite kwako.

Siku mbaya itafika: fedha za mradi zimepotea pahala, na simu zinalia. Mwambie mshirika kwanza unachokwenda kusema. Kisha sema mnachokijua, mlichokwisha kukifanya, na siku mtakayosema zaidi. Usimhukumu mtu kabla mkaguzi hajamaliza. Rasimu iandikwe Kiswahili ndiyo itafsiriwe kwenda Kiingereza, isiwe kinyume chake. Sisi mwaliko mmoja ulitafsiriwa kinyume, "9:00" ikawa "saa 9," kijiji kizima kikafika alasiri, mgeni rasmi ameshapanda boti.

Sherehe na majina ukutani

Kuanzia Disemba mpaka Januari 12 ni shamrashamra za Mapinduzi, na miradi hutafutwa ya kuzinduliwa. Amueni Oktoba kama wenu umo au haumo, na mkubaliane na wenye mradi nani atasoma risala. Mwaka wa uchaguzi mimi husogeza kila uzinduzi mpaka kura zipite na watu watulie. Fulana na kofia sinunui.

Atatokea mkubwa wa makao makuu atakayetaka jina la mfuko kwenye ukuta wa skuli. Mimi humtembeza Barabara ya Mizingani, Unguja mjini, nikamwonesha lile jumba lenye roshani za mbao. Alilianzisha tajiri Tharia Topan, jiwe la msingi likawekwa mwaka 1887, akafa 1891 halijakamilika. Ukimuuliza mpita njia, atakwambia hiyo ni Old Dispensary, yaani zahanati ya zamani. Kazi ya jengo imemeza jina la mwenyewe. Kisha namsimulia Chuck Feeney wa Marekani, aliyeanzisha Atlantic Philanthropies mwaka 1982 akatoa kwa siri mpaka 1997 habari zilipotoka. Mfuko huo ulitoa zaidi ya dola bilioni 8, ukafungwa 2020, naye hakutaka jengo lolote liitwe kwa jina lake. Wengine hukubali hapo hapo. Wengine hutaka kibao hata hivyo.

Kama lazima kiwepo, basi kiwe kidogo, jina la jumuiya liwe juu na kubwa, lenu chini. Andika na namba ya simu ya mtu wa kijijini anayehudumia pampu, maana hiyo ndiyo itakayosomwa. Na usikubali bati lenye stika. Upepo wa chumvi wa Makangale unalila kabla ya ripoti ya mwaka wa pili. Tumia ubao mgumu na rangi ya mafuta, fundi wa kuandika mabango yuko Konde.