Tarehe mbili na usiku mmoja wa giza: namna ninavyoandika mapenzi ya Uhehe wa karne ya 19

Ninaandika riwaya za mapenzi za kihistoria hapa Iringa. Wengi wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza kwanza kuhusu wahusika. Mimi huanza na tarehe, kwa sababu msomaji wetu anaujua mwisho. Anajua ngome ya Kalenga ilianguka, anajua Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Wapenzi wako hawajui lolote kati ya hayo. Wanapanga mahari na shamba la mwakani, na msomaji anawaonea uchungu kabla hata hawajagombana.

Hatua ya 1: Ifunge hadithi kati ya tarehe mbili

Karne nzima itakuelemea. Chukua kipande. Ninachokipenda mimi kinaanza 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipoliangamiza jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski pale Lugalo na kumuua yeye mwenyewe, yule aliyepewa jina la Nyundo. Kinaishia 30 Oktoba 1894, Wajerumani wa Friedrich von Schele walipoiteka Kalenga. Hapo katikati pana miaka mitatu na miezi miwili ya watu waliokwisha kushinda mara moja. Mvulana aliyetoka Lugalo na bunduki ya kuteka anaposimama mbele ya baba wa msichana, anasimamaje? Andika ukurasa mmoja wa jibu kabla hujaendelea.

Hatua ya 2: Nenda mwenyewe

Kalenga iko kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo mfupi kwa daladala kutoka mjini. Makumbusho yake yanahifadhi fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Baada ya kuliona, toka nje ukae mtoni. Riwaya ya mapenzi inahitaji mahali ambapo binti anaweza kuchelewa kurudi bila kuulizwa sana, na mto ndio huo.

Lugalo nenda mwezi wa Agosti, si wakati wa mvua. Utaona nyasi zilivyokauka na utaonja baridi ya alfajiri ya huku kwetu. Mambo hayo mawili yatakuandikia nusu ya sura ya kwanza.

Hatua ya 3: Futa vilivyokuja baadaye

Mashamba ya chai ya Mufindi, futa. Mji wa Mbeya nao futa. Ulikua miaka ya 1920 pamoja na dhahabu ya Lupa. Kanga yenye maneno usimpe binti wa 1892, mpe kaniki au merikani iliyopanda na misafara kutoka pwani. Na neno Iringa litumie kwa uangalifu: linatokana na *lilinga*, yaani ngome kwa Kihehe. Mhusika wako wa 1893 akisema anakwenda huko, anakwenda Kalenga. Mji tunaoujua leo Wajerumani waliuanzisha baadaye.

Hatua ya 4: Simulizi la wazee lipe kazi

Juu ya mji wetu kuna jiwe la Gangilonga, jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akilipanda kutafakari. Waandishi wengi hulitaja kwa sentensi moja ya kupamba mandhari, kisha wanapita. Inaniuma, maana jiwe linalosema ni zawadi kwa mwandishi wa mapenzi. Mpe msichana imani kamili kwamba jiwe lile linasikia na kutunza maneno. Kisha mfanye atamke pale jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mama yake. Kuanzia hapo ana hofu halisi, na hofu hiyo inasogeza kisa mbele.

Simulizi lichukue kwa wazee watatu, kila mmoja peke yake. Ingia kwa adabu, *kamwene*, salamu ya Kihehe, kwanza, kisha omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Watatofautiana. Usiwapatanishe. Tofauti hiyo wape wahusika wawili, bibi aamini hivi na mjukuu vile.

Hatua ya 5: Mateka asigeuzwe mchumba

Hapa ninaomba sana. Vita vya karne ile viliteka wanawake. Wahehe walipigana na Wasangu miaka mingi hadi Merere, mtawala wa Wasangu, akawa na ngome yake Utengule, karibu na Mbeya ya leo. Kwa hiyo kishawishi ni kikubwa: binti wa Kisangu aliyetekwa anampenda shujaa wa Kihehe. Lakini asiyeweza kukataa hawezi kukubali. Ukitaka wawili hao, mpe kwanza binti njia ya kurudi kwao iliyo wazi kweli, na chakula cha safari, na mtu wa kumsindikiza. Akifika njia panda na akageuka mwenyewe, hapo ndipo uanze kuandika mapenzi. Nimewahi kuifuta miswada miwili yangu kwa sababu hii, na sijutii.

Hatua ya 6: Kagua mwezi

Programu za kalenda ya mwezi hurudi nyuma mpaka karne ya 19, na hazina gharama. Siku ya Lugalo mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili tatu kuwa mpevu. Mimi nilikuwa nimewatorosha wapenzi wangu kutoka Kalenga chini ya mbalamwezi, usiku wa kuamkia 30 Oktoba 1894. Nilipokagua nikakuta mwezi ndio kwanza unaandama. Usiku ule ulikuwa giza totoro.

Niliandika upya sura nzima. Mwanzoni walikuwa wakikimbia huku wakitazamana. Sasa hawaonani kabisa. Binti ametangulia kwa kuwa njia ya mtoni anaijua yeye, na kijana, aliyekuwa akijivunia bunduki yake tangu ukurasa wa kwanza, ameiacha nyuma ya ukuta ili mikono yote miwili iwe huru kumshika.