Namna ya Kuanza Kumsoma Spider-Man

Anza na jarida la katuni Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, si The Amazing Spider-Man namba 1, mfululizo wake mwenyewe. Hadithi hiyo ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko ina kurasa 11 tu, lakini mzizi wote umo humo: Peter Parker, ndiye Spider-Man, anaumwa na buibui mwenye mionzi, anamwacha mwizi apite, na mwizi huyohuyo anamuua Mjomba Ben. Ukiiruka, hutaelewa kwa nini kijana huyu hujilaumu daima.

Kisha fuata The Amazing Spider-Man namba 1 (Machi 1963) hadi 38 bila kuruka. Wakati ule vijana wa katuni kwa kawaida walikuwa wasaidizi wa mashujaa. Huyu alisimama mwenyewe, mwanafunzi asiye na pesa, akiuza picha zake kwa gazeti la Daily Bugle linalomchafulia jina. Anamaliza sekondari katika namba 28. Namba 33 isome polepole: amelaliwa na rundo la mashine, na Ditko anatumia kurasa kadhaa kumwonyesha akilinyanyua. Ni kilele cha kazi yake. Kuanzia 39 anachora John Romita. Sura za wahusika zinabadilika, usidhani umekosa toleo.

Kabla ya kununua, tazama mwaka. Mfululizo ulianza upya na namba 1 mnamo 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025, na hapo ndipo wengi hukosea.

Lugha ya zamani ikikuchosha, chukua Ultimate Spider-Man ya 2000, inayosimulia hadithi hii upya tangu mwanzo.