Jinsi ya kukokotoa mapato ya umeme wa upepo wa baharini nchini Uingereza

Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba miradi ya upepo wa baharini nchini Uingereza imeshinda mnada wa serikali kwa pauni 37.35 kwa megawati-saa, yaani chini ya peni nne kwa uniti moja ya mita ya nyumbani. Wengi waliinukuu bei hiyo kana kwamba ndiyo atakayolipwa mzalishaji. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufikia mapato halisi.

Hatua ya 1: Tambua nani ananunua nini. Chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2013, mshindi wa mnada husaini mkataba wa tofauti ya bei na Low Carbon Contracts Company, kampuni inayomilikiwa na serikali. Kampuni hiyo hainunui hata uniti moja. Aliyezoea mfumo wa Kenya, ambako mradi wa upepo wa Ziwa Turkana huiuzia Kenya Power umeme kwa mkataba wa miaka 20, hukosea hapa: Uingereza mzalishaji hujitafutia soko mwenyewe, na mkataba hushughulikia tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko peke yake.

Hatua ya 2: Angalia mwaka wa bei. Zile pauni 37.35 ziliandikwa kwa thamani ya pauni ya mwaka 2012, na bei ya mkataba hupandishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Kufikia 2024 bei za bidhaa nchini humo zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo ukiongeza theluthi tu tayari unafika pauni 49.80.

Hatua ya 3: Linganisha na bei rejea, saa kwa saa. Kwa miradi ya upepo, bei rejea ni bei ya kila saa katika soko linalofungwa siku moja kabla ya umeme kutumika. Tuchukue mradi wa kubuni ambao bei yake ya mkataba, baada ya kupandishwa, ni pauni 80, na ambao katika saa fulani umezalisha megawati-saa 500. Bei rejea ikiwa 55, mradi hupata pauni 27,500 sokoni, kisha huongezewa 25 kwa kila megawati-saa, yaani 12,500, na jumla inakuwa 40,000. Bei rejea ikiruka hadi 120, mauzo ni 60,000, lakini mradi hurudisha 20,000 na kubaki na zilezile 40,000.

Hesabu hiyo hutimia pale tu mzalishaji anapouza kwa bei rejea yenyewe. Akiuza kwa 53 wakati bei rejea ni 55, nyongeza hubaki 12,500 na jumla hushuka hadi 39,000. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu iliyobuniwa kwa ustadi zaidi, kwa sababu humkinga mzalishaji na misukosuko ya soko bila kumwondolea sababu ya kuuza vizuri.

Hatua ya 4: Ondoa saa za bei hasi. Kuanzia mnada wa nne, ule wa 2022, bei rejea ikishuka chini ya sifuri hakuna nyongeza inayolipwa kwa saa hiyo. Saa hizo huja hasa upepo unapovuma kwa nguvu huku matumizi yakiwa madogo, yaani wakati mradi una umeme mwingi wa kuuza, kwa hiyo usitumie wastani wa mwaka.

Hatua ya 5: Fuata fedha. Nyongeza hutokana na tozo kwa kampuni zinazowauzia wateja umeme, nazo huiingiza katika ankara zao. Fedha zinazorudishwa hupita njia hiyohiyo kinyumenyume.

Hatua ya 6: Soma ukomo wa bei, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa katika mnada, kabla ya kulinganisha minada. Gharama za vifaa na mikopo zilipopanda, Vattenfall, kampuni ya umeme ya Uswidi, ilisimamisha mradi wake wa upepo wa baharini wa Norfolk Boreas Julai 2023, ingawa ulikuwa umeshinda mwaka uliotangulia. Katika mnada wa 2023 serikali iliweka ukomo wa pauni 44, na hakuna mradi wa baharini uliojitokeza. Mwaka 2024 ukomo ulipandishwa hadi 73, na miradi mipya ikapata 58.87. Bei zote hizo ni za pauni ya 2012. Mnada wa saba ulihamia pauni ya 2024 na kurefusha mkataba kutoka miaka 15 hadi 20, kwa hiyo bei zake zirekebishwe kwanza kwa mfumuko wa bei na kwa urefu wa mkataba, ndipo ziwekwe kwenye jedwali moja na za awali.