Kumgeuza samaki wa Photoshop awe sato wa Mwaloni

Samaki aliyemo ndani ya Photoshop, programu ya kutengenezea picha, si wa Ziwa Victoria letu. Mweke kama alivyo kwenye bango la mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, na hata mtoto anayeuza maji pale atakuuliza huyo ni samaki gani. Kazi yangu ni mabango, stika na fulana hapa Mwanza mjini, na wateja wangu wengi wanakula kwa sababu ya ziwa: wauza dagaa, wenye mitumbwi, mama lishe, vikundi vya VICOBA vya kuweka akiba na kukopeshana. Pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, hawana habari nazo, lakini ukiwaamsha usiku wa manane watakutenganishia sato na sangara.

Maumbo tayari, yaani michoro inayokuja na programu, nayatumia kila siku, ila kwangu ni malighafi tu. Umbo tayari linakupa mwanzo, ukikaa nalo robo saa linakuwa kitu cha mteja wako. Nitaonyesha kwa sato, kwa sababu ndiye anayeagizwa zaidi.

Kifaa cha maumbo kiko kwenye herufi U. Bonyeza U, halafu Shift na U mpaka ufike kwenye alama ya umbo huria (Custom Shape). Waliohamia matoleo mapya hulalamika kwamba maumbo ya zamani yamefutwa. Hayajafutwa. Tangu Photoshop 2020 yamewekwa ndani zaidi: fungua Window, chagua Shapes, kisha kwenye vile vistari vya pembeni mwa kidirisha bonyeza Legacy Shapes and More. Tafuta kundi la wanyama, samaki wetu yumo.

Kabla hujaburuta mausi, angalia juu kushoto. Pana kisanduku chenye chaguo tatu: Shape, Path na Pixels. Vijana wengi hawakiangalii kabisa, na ndicho kinachoamua kama kazi itafaa au haitafaa. Ukichagua Pixels, programu inapaka rangi kwenye vidoti. Picha ya sentimita tano itapendeza, ila ikuze ifike bango la mita tatu, kingo zote zitatoka ngazi ngazi. Shape inatengeneza leya, yaani tabaka la picha, yenye mstari wake, na mstari huo unapigiwa hesabu upya kila unapobadilisha ukubwa, kwa hiyo nembo ya kadi na nembo ya ukuta ni faili moja. Path peke yake haina rangi, ni njia tupu ya kuongozea vitu vingine, nitaifikia kwenye maandishi. Kwa nembo na bango ni Shape, bila mjadala. Buruta ukiwa umeshika Shift ili samaki asivimbe wala asirefuke.

Sasa bonyeza A, kisha Shift na A mpaka mshale uwe mweupe. Mshale mweusi unabeba umbo zima, mweupe unashika nukta moja moja. Gusa ukingo wa samaki, nukta zitajitokeza. Kila nukta ya mkunjo ina vishikio viwili vinavyovuta mstari kama kamba inavyovuta tanga la mtumbwi: ukirefusha kishikio mkunjo unajaa, ukikifupisha unanyooka, ukikizungusha unabadili uelekeo.

Anza na mkia. Mama mmoja muuza sato alikuja kuangalia kazi ikiwa bado kwenye skrini, akaniambia, "Mwanangu, huyu mkia wake wa baharini." Nikamwambia, "Mama, subiri nimkate." Mkia wa sato haujagawanyika mapanga mawili, umekaa kama uliokatwa wima. Shika nukta iliyoingia ndani katikati ya mkia, ivute nje mpaka ilingane na ncha mbili. Au chukua kalamu kwa herufi P, bonyeza nukta hiyo, itaondoka yenyewe.

Ukimaliza mkia, panda mgongoni. Sato ana mwili mpana na mgongo ulioinuka, kwa hiyo inua nukta za juu kidogo, usiguse tumbo. Kisha pezi. Sato ana pezi moja refu linaloanzia karibu na kichwa likaenda karibu na mkia, nusu ya mbele ina miiba, nyuma ni laini. Leya ya samaki ikiwa imechaguliwa, kwenye menyu ya kuunganisha njia (Path Operations) weka Combine Shapes, halafu chora pezi kwa kalamu. Kubonyeza na kuachia kunakupa kona kali, na hiyo ndiyo miiba. Kubonyeza huku unaburuta kunakupa mkunjo, na huo ndio nyuma ya pezi. Rudi kwenye nukta ya kwanza, kiduara kidogo kikitokea pembeni mwa kalamu bonyeza, umefunga.

Jicho ni tundu, usiweke rangi nyeupe juu. Chukua kifaa cha duara, shika Alt kabla ya kuburuta, utaona alama ya kutoa. Rangi ya nyuma itapita kwenye tundu lenyewe, na ukihama kutoka bango la bluu kwenda fulana ya njano hurekebishi kitu.

Akitakiwa sangara, mapezi ya mgongoni yatengane kwa bonde refu, mkia uwe wa mviringo, paji la uso libonyee juu ya jicho, taya la chini litangulie la juu. Dagaa usichore mmoja, hatatambulika. Tengeneza mmoja mwembamba, mshike kwa mshale mweusi, buruta ukiwa na Alt upate nakala, mgeuze kwa Ctrl na T, rudia mpaka upate fungu la dagaa.

Tumia nukta chache. Mikunjo hii imepewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya Renault nchini Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchorea bodi za magari. Kama bodi ya gari ilitosheka na nukta chache, tumbo la sato halihitaji thelathini. Nukta zikijaa, ukingo unatetemeka, na bango kubwa halifichi.

Stika za pikipiki na mitumbwi zina mambo yake. Mashine ya kukatia inafuata njia, haisomi rangi. Pezi ulilochora limepanda juu ya mwili, basi kisu kitapita kwenye mistari yote miwili, na wakati wa kumenya stika pezi litabaki mkononi. Kwa hiyo nakili leya kwa Ctrl na J uhifadhi ya awali, kisha kwenye menyu ileile ya njia chagua Merge Shape Components. Mistari ya ndani inatoweka, unabaki na ukingo mmoja. Miiba ya pezi ipunguze makali pia, maana ncha nyembamba hunyanyuka na kukatika. Ukimaliza nenda File, Export, Paths to Illustrator, faili hilo ndilo la kumpelekea mwenye mashine. Ukimpa JPEG umempa picha, njia zote umeziacha kwako.

Vikundi vya VICOBA wanapenda jina lizunguke nembo. Hapa ndipo Path inapofaa. Chora duara kwenye Path, chukua kifaa cha maandishi, sogea mpaka kishale kipate mstari wa mawimbi, bonyeza, andika. Kwa mshale mweusi unaweza kuyasukuma maneno mbele au nyuma, na ukiyaburuta ndani ya duara yanageukia upande wa pili. Maneno ya chini yape duara la pili, usilazimishe moja lifanye kazi zote.

Usiyenayo Photoshop, kuna GIMP, programu nyingine ya picha; ni bure na njia zake ziko kwenye herufi B. Haina ghala kubwa la maumbo tayari, lakini kidirisha cha njia kinakubali kuingiza faili la SVG, yaani la michoro ya mistari, kwa hiyo ukichora kwenye Inkscape, programu ya kuchora ambayo nayo ni bure, unalileta humo moja kwa moja.

Sato akishakamilika, mchague, nenda Edit, Define Custom Shape, mpe jina. Jina liwe la maana: "sato pezi miiba" utalipata, "umbo 14" hutalipata. Kisha kwenye kidirisha cha maumbo toa nakala kwa Export Selected Shapes, faili la CSH, liweke kwenye flashi. Kompyuta ya dukani ikipigwa Windows upya, utalirudisha na kuendelea na kazi siku hiyohiyo.